Uji wa Baba Jenifa

Jumapili, 5 Januari

Mchungaji Sila ametugawia wazee wa kanisa daftari moja moja. Anataka kila mmoja aandike anachomwomba Mungu mwaka huu na jinsi Mungu alivyojibu, kisha Desemba tusomeane. Langu sitalisoma mbele ya mtu. Ombi langu ni moja, na kila mtu hapa kijijini analijua: mume wangu Elius avuke msimu huu bila kunywa ulanzi, pombe ya mianzi.

Mvua zimekaza. Kule bondeni machipukizi ya milanzi ya jirani yetu Odilo yameshapita kimo cha mtu. Wiki hii ataanza kuyakata ncha na kutundika mbeta, vile vikombe vya mwanzi, na maji matamu yataanza kudondoka. Asubuhi ulanzi ni mtamu, hata mtoto hupewa. Ikifika saa tisa alasiri umeshakuwa mkali. Elius alipokuwa kijana alianza na ule wa asubuhi, akahamia ule wa alasiri, na chuo cha uinjilisti kikamrudisha nyumbani kabla hajamaliza mwaka. Miaka mitatu iliyopita aliungama mbele ya usharika akaacha. Kiangazi anaacha kweli. Mvua zikija ndipo tunapojua.

Alhamisi, 9 Januari

Mvua kutwa. Hajanywa.

Jumanne, 14 Januari

Shule zimefunguliwa. Nimepewa Darasa la Pili, watoto themanini na mmoja. Hajanywa.

Jumapili, 19 Januari

Njia ya kanisani inapita juu ya bonde la Odilo, na harufu hupanda mpaka njiani. Leo Elius aliniomba nitembee upande wa bondeni, yeye akae upande wa juu. Tukaenda hivyo, mimi nikiwa ukuta na yeye nyuma ya ukuta. Alikuwa anapumua kwa mdomo kama mtu anayepita karibu na mzoga. Kwenye kwaya aliimba besi vizuri kuliko wote. Nilimwangalia nikamwambia Mungu: unaona anavyojitahidi, sasa nawe fanya sehemu yako.

Jumanne, 28 Januari

Amekunywa.

Jumatano, 29 Januari

Amenieleza mwenyewe, akiwa amekaa jikoni na kichwa mikononi. Alikwenda kumsaidia mtu kupakia mbao kwenye lori. Walipomaliza, yule mtu akaleta ndoo. Wakamwambia aonje tu, bado ni mtamu, umegemwa asubuhi hiihii. Akaonja. Kikombe cha pili hakikuwa kitamu tena, naye hakujali. Alilia wakati ananisimulia. Nilimwandalia maji ya kuoga. Nimemsamehe, nadhani.

Jumapili, 2 Februari

Alikwenda mwenyewe kwa Mchungaji Sila kutubu. Akarudi mwepesi. Tulikula viazi vipya vya shamba la juu, akanichekesha kama zamani.

Ijumaa, 7 Februari

Amekunywa.

Jumamosi, 8 Februari

Amekunywa.

Jumapili, 9 Februari

Hakuja kanisani. Mimi nilisoma somo la kwanza na sauti yangu haikutetemeka. Watu walinipa mikono baadaye, wakaniambia nina nguvu. Nilifurahi kuambiwa hivyo.

Jumatano, 12 Februari

Leo saa sita mchana Elius alikuja shuleni. Nilikuwa nafundisha silabi ubaoni. Alisimama mlangoni amelowa, kiatu mguu mmoja, akaniita kwa jina langu mbele ya watoto. Tabea, Tabea, njoo tuimbe. Akaanza ile besi yake ya kwaya. Darasa zima likacheka. Msichana mmoja wa dawati la mbele hakucheka. Alinitazama kwa huruma, kama mtu mzima, na hiyo ndiyo iliyoniumiza kuliko kicheko. Mwalimu mkuu alikuja akamtoa taratibu, akamsindikiza mpaka barabarani akiwa amemshika bega.

Nimerudi nyumbani, sijamkemea. Nimekaa namenya viazi. Nimegundua kwamba siombi tena. Ninamwambia Mungu tu kwamba nimechoka kumngoja.

Jumamosi, 15 Februari

Esteria ni rafiki yangu tangu kipaimara. Ni mweka hazina wa umoja wa wanawake, na hakuna siri yangu asiyoijua. Alhamisi aliniambia kuna mama mmoja Makambako, nyuma ya soko, anauza dawa ya walevi. Unamtilia mtu kwenye chakula bila yeye kujua. Akinywa pombe anatapika mpaka anaichukia. Nilimjibu kwamba mzee wa kanisa haendi kwa waganga. Akasema huyu si mganga, hana tunguri wala kaniki, anauza mizizi iliyosagwa kama wengine wanavyouza tangawizi.

Leo tumekwenda. Yule mama ni msafi, amevaa miwani, hakuniuliza jina. Alinifungia unga wa kijivu kwenye karatasi ya gazeti. Nusu kijiko cha chai kwenye uji, asubuhi, siku saba. Alirudia mara mbili kwamba nisizidishe.

Jenifa, mtoto wetu wa pekee, ana cherehani yake hatua mia tu kutoka pale. Nilipita upande wa pili wa barabara nikiwa nimejifunika kitenge kichwani. Mama anayekwenda kwa jambo jema humsalimia mwanawe.

Jumatatu, 17 Februari

Nusu kijiko. Alikunywa uji wote, akashukuru. Alasiri alirudi amelewa, akala, akalala. Hakutapika.

Jumanne, 18 Februari

Vilevile.

Jumatano, 19 Februari

Kijiko kizima. Alisema tumbo linamsokota, labda ni baridi. Alikwenda bondeni hivyohivyo.

Alhamisi, 20 Februari

Leo sikumtilia. Nilisali asubuhi, nikasali na mchana nikiwa chumba cha walimu. Nilisali na ile karatasi ikiwa mfukoni mwa sketi.

Jumapili, 23 Februari. Hospitali, Njombe

Ninaandika nikiwa kwenye benchi la nje ya wodi. Nitaandika kama ilivyokuwa.

Ijumaa asubuhi aliamka vizuri. Alisema kesho atapalilia mahindi ya chini, na akaniomba nimsamehe kwa ile siku ya shuleni. Kama angenyamaza labda ningetia nusu kijiko. Lakini aliomba msamaha, na mimi nilishasikia msamaha huo mara nyingi, hasira ikanipanda. Nikatia vijiko viwili vilivyojaa. Nikakoroga. Nikaongeza sukari ili asisikie uchungu. Nilimkabidhi kikombe kwa mikono miwili, kama tunavyowafundisha mabinti.

Saa tisa nilikuwa nasahihisha madaftari nyumbani niliposikia watu wanakimbia. Odilo alikuwa anapandisha kilima amembeba Elius mgongoni. Odilo ana miaka sitini. Elius miguu inaburutika, povu mdomoni, macho yamegeuka. Odilo alimlaza uani, akasema alikunywa kikombe kimoja tu akaanguka, mwalimu, kikombe kimoja, na mimi nilikunywa ndoo ileile. Kisha akaenda kusimama katikati ya lami, akalizuia lori la mbao lililokuwa linakwenda Njombe. Dereva hakubisha. Tulimlaza Elius kwenye kiti cha mbele, kichwa mapajani mwangu. Odilo alipanda juu ya mbao kwenye mvua.

Daktari ni kijana. Alinivuta pembeni akauliza: leo amekula nini. Nikasema uji. Uji wa nini. Wa ulezi. Umetia kitu. Sukari. Akaniuliza tena, kwa upole, kama kuna dawa yoyote ya kienyeji, kwamba hatanisema, anataka tu kujua anatibu nini.

Nilikuwa nimevaa beji ya umoja wa wanawake kifuani. Nilikuwa na neno tayari mdomoni. Kisha nikamwona mtu kutoka usharika wa jirani amekaa kwenye foleni ananitazama, akanipungia mkono.

"Hakuna," nikasema. "Uji mtupu."

Daktari akasema basi watatibu kwa kubahatisha.

Muuguzi aliniuliza tena wakati wa kuandika faili. Nikajibu vilevile. Jenifa alifika jana kutoka Makambako, akaniuliza huku akinishika magoti: "Mama, Baba alikula nini?" Ya tatu ilikuwa rahisi kuliko ya kwanza. Hilo ndilo linalonitisha.

Karatasi yenye unga uliobaki nimeitupa chooni hapa hospitali.

Jumatatu, 24 Februari

Bado hajafumbua macho. Figo zinasumbua, wamesema. Siwezi kusali. Kila nikifumba macho namwona yule daktari anangoja.

Jumanne, 25 Februari

Amefumbua macho saa nne asubuhi. Ameomba maji. Nimetoka nje nikakaa kwenye nyasi kwenye ukungu mpaka Jenifa akaja kunichukua.

Jumamosi, 1 Machi

Tumerudi nyumbani. Amekonda, shati linamning'inia. Esteria alikuwa ametupikia. Tulipobaki wawili aliniuliza kwa macho, nami nikamwitikia kwa kichwa. Akasema tumshukuru Mungu amepona, mengine tuyazike.

Nimesikia habari nyingine. Jumatano mtendaji wa kijiji alikwenda na mgambo kwa Odilo, wakamwaga ulanzi wote na kufunga kilabu chake. Watu wanasema alitia kitu kwenye ulanzi ili ukolee haraka. Wanasema alitaka kumuua Elius.

Jumapili, 9 Machi

Jumapili ya kwanza ya Kwaresma. Elius aliomba nafasi ya kushuhudia. Alikwenda mbele akishikilia mabenchi. Sijawahi kumsikia akisema vizuri hivyo. Alisema alikuwa anatubu kila mara kama mtu anayenawa mikono ili akale tena uchafu. Alisema Ijumaa ile Mungu mwenyewe alimfuata mpaka kilabuni, akampiga chini kwa kikombe kimoja, akamwonyesha kifo, kisha akamrudishia uhai. "Sikuacha mimi," alisema. "Mimi nilishindwa. Niliachishwa."

Watu walilia. Wanaume wawili walitoka wakapiga magoti, na mmoja wao nimemjua mlevi tangu nilipoolewa. Mchungaji Sila akafuta macho, kisha akaniita mimi, kama mzee wa kanisa na mke, nije nimwombee mume wangu.

Nilikwenda. Niliweka mkono juu ya kichwa chake. Sikumbuki nilisema nini. Wanasema niliomba kwa nguvu sana.

Alhamisi, 13 Machi

Hajanywa. Anaimba akipalilia.

Jumanne, 18 Machi

Hajanywa. Amenitengenezea rafu ya vyombo. Anaamka kabla yangu na kupika uji yeye. Ananiletea kitandani. Sijui nitaumezaje kila siku, lakini naumeza.

Jumapili, 23 Machi

Tumekwenda Igwachanya, usharika umemwalika akashuhudie. Ni mahali pa tatu. Alisimulia vilevile, na safari hii aliongeza kwamba mkewe alikuwa anakesha kwa maombi wiki ile. Watu wakageuka kunitazama. Mama mmoja alinifuata nje akiongoza mwanawe mkubwa aliyelewa asubuhi ile, akaniuliza niliomba ombi gani, nimfundishe.

Nilimwambia aendelee kumtumaini Mungu. Alinishika mkono akanishukuru.

Jumatano, 2 Aprili

Nimekutana na Odilo kisimani. Anatembea polepole, siku ile ya kumbeba Elius aliumia kiuno. Alinisalimia Kibena, kama zamani. "Kamwene, mwalimu." Nikaitikia. Nilidhani atapita. Akasimama, akasema hana ugomvi na mtu, ila anataka nijue kwamba wajukuu wake wanaitwa shuleni wajukuu wa mwenye sumu, na mmoja yuko darasani kwangu. Aliniuliza kama naweza kuwakataza watoto.

Nikasema nitawakataza.

Mtu huyu nilimchukia miaka kumi. Nilikuwa naomba milanzi yake ikauke. Leo nimesimama mbele yake na ndoo kichwani, na ndiye aliyekuwa mtu mwema kati yetu wawili.

Alhamisi, 3 Aprili

Nilimwambia Esteria nataka kusema. Alinisikiliza mpaka mwisho, hakunikatiza, akanishika mkono. Akasema nifikirie vizuri namtafutia nani faida. Elius ameacha. Walevi watatu wameacha kwa sababu yake. Nikisema, nitapata usingizi mimi, na wao wote watarudi bondeni. Akasema Mungu hatupi kazi iliyoanza vibaya, huimalizia vizuri. Akasema pia, kwa sauti ndogo, kwamba jina lake litatajwa.

Nimekaa na maneno yake kutwa. Labda ndivyo kishawishi kinavyokuja kwa mtu wa umri wangu. Hakinukii pombe. Kinakuja na rafiki mwema na sababu nzuri.

Ijumaa, 11 Aprili

Mvua. Hajanywa. Simwandikii Mungu kitu.

Alhamisi Kuu, 17 Aprili

Meza ya Bwana. Zamu yangu ilikuwa kuandaa vikombe madhabahuni. Nilivipanga, nikafunika kitambaa, nikamwambia Mchungaji kichwa kinaniuma, nikarudi nyumbani kabla ibada haijaanza. Hii ni mara ya pili naikwepa Meza tangu Elius apone.

Elius alirudi akanikuta nimekaa gizani mwa jiko, moto umezimika. Alikoka moto. Kisha akasema, bila kunitazama:

"Mama Jenifa, tangu nirudi mimi, ni kama wewe umeondoka."

Ijumaa Kuu, 18 Aprili

Baada ya ibada nilibaki. Mchungaji Sila alikuwa anavua joho ofisini. Nilisimama, sikukaa. Nilisema yote: Makambako, vijiko, daktari, Odilo, maombi yangu ya uongo mbele ya watu. Alikaa chini nikiwa katikati ya kusimulia. Alipozungumza sauti yake ilikuwa imechoka. Alisema aliutumia ushuhuda ule katika mahubiri yake ya Kwaresma yote. Alisema na yeye hajui afanye nini, kwamba angependa kuniambia ninyamaze na hawezi.

Nilimwomba anitangazie ondoleo la dhambi. Akasema atanitangazia, na si kwa sababu nimestahili. "Lakini aliyelala kitandani hospitali ni mumeo," alisema. "Na anayeitwa mwenye sumu ni Odilo. Ukitoka hapa, njia yako inapita kwao."

Nikapiga magoti. Akanitangazia. Nilitegemea nitajihisi mwepesi. Nilihisi tu magoti yanauma kwenye saruji.

Jumamosi, 19 Aprili

Elius alikuwa ghalani akichagua viazi vya mbegu. Nilikaa mbele yake juu ya ndoo iliyopinduliwa, nikamwambia kila kitu mpaka kijiko cha pili na sukari. Hakuinua uso. Mikono iliendelea: vidogo kushoto, vikubwa kulia, vilivyooza nje.

Nilipomaliza akauliza, "Daktari alikuuliza?"

"Aliniuliza."

"Ukamwambiaje?"

"Uji mtupu."

Akabaki na kiazi kimoja mkononi.

"Nilidhani ni Mungu," akasema. "Nimesimama makanisa manne nikawaambia watu Mungu alinifuata. Kumbe ni wewe."

Nilianza kusema kwamba Mungu anaweza kutumia hata kosa, nikasikia kuwa hayo ni maneno ya Esteria, nikayaacha. Nilimwomba msamaha nikiwa nimepiga magoti kwenye udongo wa viazi. Akasema amenisikia. Akaendelea kuchagua mpaka gunia likaisha, akalishona mdomo, akafagia. Kisha akavaa koti akatoka.

Nilikwenda kwa Odilo kabla nguvu hazijaniishia. Alikuwa anaota jua, kiuno amefungwa kitenge cha mkewe. Alisikiliza. Mkewe alitoka ndani, akasikia nusu, akaanza kunipigia kelele kwa Kibena, naye akamnyamazisha kwa mkono. Akasema siku ile mkewe alimkataza asimbebe Elius, alimwambia watasema ni yeye. "Nikamwambia mtu akianguka kwako unambeba," alisema. "Sikujua yuko mwingine aliyemwangusha."

Alisema nimwambie mtendaji, basi. Nimemwambia. Mtendaji aliandika, akanitazama kama hanijui, akasema Odilo ataruhusiwa kufungua kilabu, na mimi nitaitwa na polisi.

Jumapili ya Pasaka, 20 Aprili

Elius hakwenda kanisani. Hakunywa. Alikaa uani amegeuzia nyumba mgongo.

Jumatatu ya Pasaka, 21 Aprili

Amekunywa.

Jumanne, 22 Aprili

Amekunywa.

Alhamisi, 24 Aprili

Jenifa amekuja, baba yake alimpigia simu. Hakunigombeza. Alisema tu: nilikushika magoti, Mama. Amerudi Makambako bila kula.

Jumapili, 27 Aprili

Nilisimama mbele ya usharika nikasema mwenyewe, kwa sababu sikutaka Mchungaji aniseme. Sikumtaja Esteria. Odilo nilimtaja, na kwamba hana hatia. Hakuna aliyelia. Mtoto mmoja aliuliza kitu kwa sauti, mama yake akamziba mdomo. Mchungaji akatangaza kwamba nimevuliwa uzee na kutengwa na Meza ya Bwana mpaka baraza litakaponirudisha kundini. Kwenye mlango watu walipita pande zote mbili kama maji yanavyopita jiwe. Esteria alipita upande wa mbali zaidi.

Mmoja wa wale waliopiga magoti siku ya ushuhuda ameshaonekana bondeni.

Ijumaa, 2 Mei

Jana polisi walinihoji kwa saa mbili. Elius aliitwa. Walimuuliza kama anataka kesi. Alikuwa amelewa, wakamwambia arudi akiwa timamu. Leo asubuhi alirudi, akasema hataki kesi. Tulianza kurudi nyumbani pamoja. Kwenye njia panda akaenda zake.

Jumatano, 7 Mei

Baridi imeanza. Milanzi inakauka, Odilo anagema mbeta chache tu. Bado zinamtosha Elius. Ninampikia, ninamfulia, ninamfungulia mlango. Sina dawa, sina maneno, sina hata haki ya kumkemea. Nilikuwa mtu mwenye jibu la kila nyumba. Sasa nakaa tu nyumbani kwangu na kumwomba Mungu, bila kumpangia. Sijui kama anasikia.

Jumamosi, 10 Mei

Amekunywa. Alipolala nilimvua viatu. Aliamka kidogo akaniita Tabea.

Jumapili, 18 Mei

Leo ilikuwa Meza ya Bwana. Nilikaa benchi la nyuma, upande wa mlango, pale wanapokaa wasioshiriki. Kwa miaka tisa nililitazama benchi hili kutoka mbele, nikiangalia nani yupo na kwa kosa gani. Ukikaa hapa huoni kosa la mtu. Unaona migongo tu.

Wakati wa wimbo wa pili mlango ulifunguliwa. Elius alikuwa amevaa koti la harusi yetu, vifungo vimepishana, ndevu amezikata vibaya. Harufu ya jana ilimtangulia. Timoth, kijana aliyechukua nafasi yangu ya uzee, alisogea kumzuia, kisha akamtazama Mchungaji Sila kule mbele. Mchungaji hakuacha kuimba, alitikisa kichwa tu, na Timoth akarudi nyuma.

Elius akaja mpaka kwenye benchi langu, akasimama.

"Sogea," akasema.

Nikasogea. Alikaa kwa uzito.

"Jana nimekunywa," alininong'oneza.

"Najua."

"Na kesho sijui." Alijaribu kurekebisha vifungo vya koti. "Safari hii sina cha kushuhudia, Mama Jenifa. Hakuna aliyenipiga. Nimekuja hivihivi."

Zamani ningekuwa na neno la kumwambia. Nilisogea mpaka bega langu likagusa bega lake, na hakuliondoa.

Watu walianza kwenda madhabahuni, benchi baada ya benchi. Esteria alikwenda. Mke wa Odilo alikwenda. Benchi letu halikuitwa. Waliporudi waliinamisha vichwa, wengine walitupitia bila kutuona, na mwanamke mmoja mzee akatugusa mabega sote wawili akapita. Elius alijaribu kuimba besi. Sauti haikutoka, akabaki anachezesha midomo.

Mwisho Mchungaji aliinua mikono kutoa baraka. Baraka ya mwisho ni ya kila aliyemo ndani, haichagui mtu. Nilisikia benchi likilia Elius alipojaribu kusimama. Akanishika begani, akasimama. Tukainamisha vichwa.